Koltani ya Kivu na Sheria za Ng'ambo

Neno "koltani" limetokana na kuunganishwa kwa majina ya madini mawili, kolumbiti na tantaliti. Katika milima ya Kivu madini haya huchimbwa kwa sururu na sepetu, kisha mchanga husafishwa kwa maji hadi zibaki chembe nyeusi zilizo nzito. Ndani yake mna metali iitwayo tantali. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya metali hiyo katika vyombo vya kisasa, na sababu zilizofanya sheria iliyotungwa ili kumlinda mchimbaji imwelemee mchimbaji huyohuyo.

Tantali husagwa kuwa unga, nao hushikamanishwa kwa joto kali na kufunikwa kwa utando mwembamba sana wa oksidi. Kwa kuwa utando huo hauruhusu umeme kupita, hupatikana kapasita, yaani kijisehemu cha kuhifadhi chaji ya umeme, ambacho ni kidogo lakini chenye uwezo mkubwa. Pasipo vijisehemu vya namna hiyo, ni vigumu kuunda simu nyepesi au kompyuta ya kubebeka.

Mnamo mwaka 2000 mahitaji ya tantali yaliongezeka ghafla. Simu za mkononi zilikuwa zikienea duniani, na tarehe 4 Machi mwaka huo kampuni ya Sony ilianza kuuza huko Japani mashine ya michezo iitwayo PlayStation 2. Waandishi wengi waliilaumu mashine hiyo peke yake. Hata hivyo, hofu ya wanunuzi waliojiwekea akiba nayo ilichangia sana. Bei ilipanda karibu mara kumi, kisha ikaporomoka mwaka 2001. Wakati huo mashariki ya Kongo ilikuwa vitani, na wenye silaha ndio waliofaidi. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ililieleza jambo hilo bayana.

Miaka tisa baadaye, Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria iitwayo Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinahusu bati, tantali, tangisteni na dhahabu. Ieleweke kwamba kifungu hicho hakikukataza kununua madini ya Kongo. Kilizitaka kampuni zinazouza hisa zake katika masoko ya Marekani zichunguze na kutangaza iwapo madini yake yametoka Kongo au katika nchi jirani. Lakini kuchunguza kuna gharama, na kutangaza kuna aibu. Wanunuzi wengi waliona ni nafuu kununua kwingineko. Aidha, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, serikali ya Kongo yenyewe ilisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Maelfu ya wachimbaji wadogo walipoteza riziki, wakiwemo wale ambao machimbo yao hayakuwa na askari hata mmoja.

Dawa iliyobuniwa ni lebo. Mfuko hufungwa lebo yenye namba mgodini, na nyingine huongezwa kwa mfanyabiashara, ili safari yake ifuatiliwe hadi kwenye kiwanda cha kuyeyushia. Hapo ndipo mwisho wa ushahidi, kwa maana madini yakishayeyushwa pamoja hayatambulikani tena asili yake. Utaratibu huu una kasoro mbili. Kwanza, lebo huthibitisha mfuko, wala haithibitishi kilichomo. Mwaka 2024 kundi la M23 liliteka Rubaya, katika Masisi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba koltani ya huko ilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya nchi hiyo. Pili, ada ya lebo hulipwa na wauzaji nje, nao huikata katika bei wanayompa aliye chini yao, hadi imfikie mwenye sururu.

Kwa upande wa Ulaya, kanuni iliyopitishwa mwaka 2017 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Kanuni hiyo huwabana waagizaji wa madini na metali. Anayeagiza simu au mashine za michezo zilizokwisha kuundwa habanwi nayo, ingawa tantali imo ndani yake.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sheria hizi zilitungwa kwa nia njema na watu wasioubeba mzigo wenyewe. Haifuati kwamba zifutwe, kwani kabla yake hapakuwa na aliyeulizwa lolote. Linalodaiwa ni kwamba gharama ya usafi ilipwe na anayeuza chombo kilichokamilika, na kwamba ushahidi utafutwe mgodini, kwa mchimbaji mwenyewe, kabla ya kutafutwa katika karatasi. Pasipo hayo, kampuni itatakasika machoni pa wanunuzi wake, na mchimbaji wa Masisi atabaki na deni.