Kasha la mashine ya gemu si la kuwashia moto

Maelezo ya juma hili yalipotoka redioni, wapo wasikilizaji walioona kwamba nimeacha mambo ya watu wazima na kushika ya watoto. Mtu mzima mwenye akili zake azungumzie mashine za gemu, tena zilizokwisha kuchakaa? Naomba wanaosoma sasa wanivumilie hadi mwisho. Jambo hili linahusu mali, linahusu karatasi, na linahusu kumbukumbu za watu waliotutoka.

Tuanzie Mgololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Wengi wenu mnaujua mji huu kwa kiwanda chake cha karatasi, ambacho kilianza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills. Kiwanda hicho kilisanifiwa kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka, kikitegemea misindano ya Sao Hill. Baadaye kiliyumba, kikasimama kwa miaka kadhaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikauzwa kwa wawekezaji kutoka Kenya. Leo kinaitwa Mufindi Paper Mills. Kilipokuja kiwanda ulikuja umeme, na kwa umeme zilikuja televisheni.

Sasa tukumbushane jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi. Kwa hiyo mtu wa Bara aliyekuwa na televisheni kabla ya hapo hakuwa na kituo cha Bara cha kutazama. Alikuwa na deki ya video na mikanda yake. Na mwenye ndugu aliyesafiri nje, au mwenye fedha ya kubahatisha madukani, alikuwa pia na mashine ya gemu. Kwa hiyo mashine hizi zina nafasi yake katika historia ya televisheni nchini.

Je, zilikuwa mashine gani? Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani ilitoa Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu ya kuunganishwa na televisheni ya nyumbani. Mwaka 1977 ikaja ile ya Atari iliyopata sifa ya kuitwa 2600. Tarehe 15 Julai 1983, Nintendo ya Japan ikatoa Family Computer, yenye rangi nyekundu na nyeupe, kwa bei ya yeni 14,800. Ukijumlisha zile za Japan na zile zilizobadilishwa umbo kwa ajili ya Marekani na Ulaya, ziliuzwa karibu milioni 62.

Hata hivyo, nyingi za zile zilizofika mikononi mwetu hazikuwa za Nintendo yenyewe. Zilikuwa za kuiga, zilizotengenezwa Taiwan na China, zikitumia kaseti zenye pini 60 kama zile za Kijapani. Utazitambua kwa ahadi zake. Kaseti imeandikwa kwamba ina gemu 9,999,999, ukiichomeka unakuta ni gemu chache zinazojirudia kwa majina mengine na kuanzia hatua nyingine. Uongo huo hatukuujali. Gemu tano zilitosha kuwakusanya watoto wa mtaa mzima kwenye sebule ya mtu mmoja.

Leo mashine hizo ziko wapi? Nyingine zimelala juu ya makabati na chini ya vitanda. Nyingine zinapimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaopita Mafinga, Makambako na vijiji vya jirani wakitafuta shaba iliyomo ndani. Wakati huohuo, ng'ambo wapo watu wanaozitafuta kwa tochi.

Hebu tuone mifano. Mwaka 2009, mfanyakazi wa matengenezo nchini Marekani alinunua rundo la vitu kwenye mnada wa mali za kampuni aliyokuwa akiitumikia, ambayo ilikuwa imefilisika. Rundo lile alilipata kwa dola 75. Ndani yake mlikuwa na mashine ya majaribio iliyotengenezwa na Sony na Nintendo walipokuwa bado washirika, ambayo haikuwahi kuingia sokoni. Machi 2020 iliuzwa kwa mnada kwa dola 360,000. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, kaseti moja ya Super Mario 64, ambayo nailoni yake ya dukani haikuwa imefunguliwa, iliuzwa kwa dola milioni 1.56.

Msomaji, usiache kazi yako kesho ukaenda kufukua stoo. Bei hizo ni za vitu viwili vitatu duniani. Nimezitaja ili tuelewe kanuni yake, na kanuni ya kwanza ni kwamba ukongwe peke yake haufanyi kitu kiwe adimu. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000 na ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Kitu kilichotapakaa kiasi hicho si adimu, hata kama kimetoka nyuma ya kibanda cha gemu kilichofungwa miaka mingi. Mkusanyaji huuliza maswali manne: Je, ni halisi au ya kuiga? Je, inafanya kazi? Je, zilitengenezwa chache? Na je, imekamilika?

Swali hilo la nne ndilo linalowashinda wengi. Kukamilika maana yake ni mashine pamoja na vikorombwezo vyake vyote: pedi za kuchezea, waya, adapta, kitabu cha maelezo, na kasha la karatasi ngumu ilimokuja. Mashine ni ya plastiki na chuma, hivyo huishi muda mrefu. Kasha ni karatasi, na ndilo la kwanza kutupwa. Katika baridi na ukungu wa Mufindi, kasha kavu ni mali nzuri ya kuwashia jiko. Ndiyo maana mara nyingi kasha tupu na kitabu chake huwa vigumu kupatikana kuliko mashine yenyewe. Mji unaotengeneza karatasi za kufungashia ungekuwa wa kwanza kulielewa hili, lakini nilipozunguka Mgololo niliona mashine kadhaa na sikuona kasha hata moja.

Vikorombwezo vina mambo yake ya kushangaza. Chukua ile bunduki ya plastiki ya kupigia bata kwenye kioo. Wengi wameitupa wakidhani imekufa, baada ya kuijaribu kwenye televisheni bapa za siku hizi. Bunduki ile haitoi kitu chochote, inapokea mwanga. Ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha mahali alipo bata panakuwa na alama nyeupe. Ikiwa bunduki imeelekezwa pale, jicho lililomo kwenye mtutu huuona ule weupe, na mashine huhesabu kwamba umelenga. Kazi hiyo inategemea namna televisheni ya kichogo inavyochora picha yake, mstari mmoja baada ya mwingine, bila kuchelewa. Televisheni bapa huchora kwa njia nyingine na huchelewa kidogo, hivyo bunduki haioni kitu. Anayetaka kutunza bunduki ile, budi atunze na kichogo kimoja.

Jambo la pili ni adapta, na hapa naomba usikivu maana mashine nyingi zimeunguzwa na wenye nia njema. Umeme wa nyumbani kwa Wajapani ni volti 100, kwa Wamarekani 120, na kwetu 230. Adapta ya Japan ukiichomeka moja kwa moja ukutani hapa kwetu utaiua. Hata ukipata ya volti 230, tazama kile kichomeo cha upande wa mashine. Mashine ya Kijapani ya Nintendo inataka umeme wa moja kwa moja kama wa betri, wenye hasi katikati na chanya nje, ilhali adapta nyingi za madukani ni kinyume chake. Adapta ya toleo la Kimarekani nayo hutoa umeme wa kupishana, na ukiitia kwenye ile ya Kijapani utaiharibu. Kabla hujachomeka, soma maandishi yaliyo mgongoni mwa adapta au mpelekee fundi.

Jambo la tatu ni kupuliza. Ni nani kati yetu hakuwahi kutoa kaseti, akaipuliza kwa nguvu, akairudisha na gemu likawaka? Kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha, kwani pini zilipata kugusana upya. Pumzi ina unyevu, na unyevu ukizoeleka pini hushika kutu. Tumia kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, sugua taratibu, kisha acha ikauke. Weka mashine mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na dirisha. Plastiki zile zilitiwa dawa ya kuzuia moto yenye bromini, na mwanga wa jua ndio unaochangia kuzifanya zigeuke manjano kama meno ya mvuta tumbaku.

Msomaji ataniuliza, haya yote yana faida gani kwa mtu asiye na haja ya kuuza kitu Marekani? Nitamjibu kwa habari ya mama mmoja wa Mgololo.

Mama huyu ni mjane wa mfanyakazi wa zamani wa kiwandani. Mwanawe aliyekuwa na kibanda kidogo cha gemu alifariki dunia, akaacha PlayStation 2, pedi mbili, na kadi ndogo nyeusi ya kuhifadhia kumbukumbu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameahidi kurudi. Nilipoamkia na kukaribishwa, nilimuuliza, "Mama, ndani ya kadi hii mna nini?" Akanijibu, "Mwanangu, mimi nitajuaje? Hiyo si ya kuchomeka tu?"

Kijana wa jirani akaleta televisheni yake ya kichogo, tukawasha. Ndani ya kadi mlikuwa na gemu la mpira wa miguu lililohifadhiwa, na timu moja ilikuwa imebadilishwa majina ya wachezaji wote. Hawakuwa wachezaji wa Ulaya. Walikuwa vijana wa mtaa ule, mmoja mmoja, na namba zao mgongoni, na marehemu amejipanga mwenyewe namba kumi. Mama hasomi vizuri bila miwani, hivyo kijana alimsomea. Walipofika kwenye jina la saba alimzuia, akasema huyo naye hayupo tena. Kisha akamwambia aendelee.

Hapa ndipo maelezo ya ufundi yanapokuwa na maana. Kumbukumbu ile haimo kwenye mashine. Imo kwenye kadi, nayo haihitaji betri. PlayStation 2 yoyote inaweza kuisoma, alimradi kuna diski ya gemu lilelile. Mama alikuwa na haja ya fedha na hakuificha. Aliuza mashine na pedi kwa kijana yule, kwa bei iliyozidi kidogo ile ya chuma chakavu. Kadi na diski alibaki navyo. Nilimshauri aandikiwe karatasi iseme ni kadi ya mashine gani, ya gemu gani, ya nani, na mwaka gani. Bila karatasi hiyo, mjukuu atakayeiokota miaka ishirini ijayo ataona kipande cha plastiki tu.

Kaseti za zamani hazina bahati hiyo. Baadhi yake, kama ile ya The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani tangu mwaka 1987, zina betri ndogo ndani inayoshikilia kumbukumbu za mchezaji. Betri ikifa, kila kilichohifadhiwa kinafutika. Nyingi zimekwisha kupita umri wake. Mwenye nayo asingoje.

Na si kumbukumbu za mtu mmoja mmoja tu zinazopotea. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote ya halali. Ikiwa wenye viwanda na makumbusho yao wamefikia hapo, sisi tuliopokea mashine za kuiga zisizo na jina la mtengenezaji tutakuwa katika hali gani? Hakuna atakayekuja kutuandikia historia ya sebule zetu. Zile mashine za kuiga, ambazo mkusanyaji wa Ulaya zamani alizidharau, sasa nazo zinatafutwa, kwa sababu zinaeleza jinsi gemu lilivyozifikia nchi ambazo wenye kampuni hawakujishughulisha nazo.

Basi ushauri wangu ni mfupi. Anayekuja na mzani, mwambie angoje kidogo. Fungua kabati, tazama kilichomo, washa kama kinawaka, soma kilichoandikwa. Ukitaka kuuza, uza. Dhiki haina subira, wala hakuna dhambi kuuza mali yako. Lakini uza ukijua unachouza, na kabla ya kukabidhi, toa kadi. Ukiamua kutunza, andika karatasi na uiweke ndani ya kasha, kama kasha bado lipo.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.