Kasese hadi Bwera: nani hulipia kilomita za kazi?

Mfanyakazi anayetumwa na ofisi yake kutoka Kasese hadi Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, hupita njia panda ya Kikorongo na kusafiri zaidi kidogo ya kilomita 50. Akitumia pikipiki yake mwenyewe, mwajiri humrudishia gharama kwa kuzidisha kilomita alizosafiri kwa kiwango walichokubaliana. Wengi huyaita malipo hayo maileji, ingawa barabara za Uganda hupimwa kwa kilomita.

Hesabu huanzia kwenye mita ya pikipiki. Tuseme ilisoma 41,250 asubuhi na 41,360 jioni: safari ya kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko midogo ya kikazi mjini Bwera, ni kilomita 110. Ikiwa lita moja ya petroli huenda kilomita 40, zimetumika lita 2.75. Kwa bei ya mfano ya shilingi 5,500 kwa lita, hizo ni shilingi 15,125.

Baadhi ya ofisi hukomea hapo, na hapo ndipo mfanyakazi huanza kuumia. Matairi, oili, mnyororo na breki navyo huliwa na barabara. Vikigharimu, kwa mfano, shilingi 600,000 kwa kila kilomita 10,000, ni shilingi 60 kwa kilomita, yaani 6,600 kwa safari hiyo. Anayekwenda Bwera kila juma huku akilipwa petroli tu atakuwa ameichangia ofisi yake shilingi 343,200 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwake.

Safari ya nyumbani kwenda kazini kwa kawaida haihesabiwi. Utata huzuka kwa anayeishi, tuseme, Kikorongo, akaelekea Bwera moja kwa moja bila kufika kwanza ofisini Kasese. Je, alipwe kuanzia wapi? Kuna waajiri wanaolipa umbali ulio mfupi kati ya hiyo miwili. Ni vyema jambo hilo liandikwe kabla ya safari, lisije likabishaniwa mwisho wa mwezi.

Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda haiihesabu kuwa kipato posho ya safari ya kikazi isiyozidi gharama iliyotumika au inayotarajiwa kutumika. Kinachozidi hapo chaweza kutozwa kodi. Kwa hiyo daftari lenye tarehe, sababu ya safari na namba za mita, ya kuondoka na ya kurudi, humlinda mfanyakazi na mwajiri pia. Stakabadhi ya petroli peke yake haitoshi, kwani huonyesha mafuta yaliyonunuliwa tu, si safari iliyofanywa.