Je, Wajua? Adhana kando ya Mississippi

Minneapolis ndilo jiji kubwa la kwanza Marekani kuruhusu adhana kwa vipaza sauti kwa sala zote tano. Baraza la jiji lilipitisha hilo mwaka 2023, lakini sauti ilianza Ramadhani ya 2020, watu wakiwa wamejifungia kwa ajili ya korona, katika mtaa wa Cedar-Riverside. Zamani mtaa huu ulikuwa wa wahamiaji wa Skandinavia. Leo wengi ni Wasomali, na baadhi yao walipitia kambi ya Dadaab, Kenya, wakaondoka na Kiswahili chao. Utautambua kwa mbali: maghorofa ya Riverside Plaza, yaliyofunguliwa 1973, zege la kijivu lililopachikwa vibao vyekundu, vya njano na vya buluu. Yanapendeza mno theluji ikitanda.