Rada ya angani huona mbali, lakini uamuzi ni wa binadamu

NDEGE ya kijeshi ya E-3 Sentry, maarufu kama AWACS, hutambulika upesi kutokana na sahani kubwa ya mviringo iliyobebwa mgongoni. Sahani hiyo, yenye upana wa mita 9.1, huzunguka mara sita kwa dakika.

Ndani yake mna antena ya rada. Antena hiyo hutuma mawimbi ya redio, nayo yakigonga chombo kilicho angani hurudi mithili ya mwangwi. Kompyuta hupima mwangwi huo ili kubaini umbali na kasi ya chombo.

Rada ya ardhini huzuiwa na mviringo wa dunia, hivyo ndege inayoruka chini huweza kukaribia bila kuonekana. Ndiposa Marekani, kuanzia 1977, ikapandisha rada hii angani. Ikiwa juu kiasi cha mita 9,000, AWACS huweza kugundua ndege ya aina hiyo kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 375.

Hata hivyo, mwangwi hausemi chombo ni cha nani. Kwa hivyo, kifaa kingine hutuma swali kwa redio, na ndege rafiki hujibu kwa nambari maalum. Maafisa 13 hadi 19, mbali na wanne wanaoendesha ndege, hufuatilia majibu hayo kwenye skrini na kuwaelekeza marubani wa kivita.

Udhaifu wa mpangilio huo ulidhihirika Aprili 14, 1994, kaskazini mwa Iraq, ambako Marekani na washirika wake walikuwa wakiwalinda Wakurdi. Ndege mbili za Marekani aina ya F-15 zilidungua helikopta mbili za Black Hawk, za Marekani vilevile, huku AWACS ikisimamia anga hiyo. Watu wote 26 waliokuwamo waliangamia.

Uchunguzi ulibaini kwamba helikopta hizo zilikuwa zikitumia nambari ya upande wa Uturuki badala ya ile ya Iraq, na hakuna aliyewasahihisha marubani wake. Redio zao pia zilikuwa kwenye masafa tofauti na ya F-15. Zilipopita baina ya milima, rada ilizipoteza na alama zake zikatoweka kwenye skrini.

Marubani wa F-15 walipoarifu kuwa wameona chombo, maafisa wa AWACS hawakuwaonya kuwa kulikuwa na helikopta rafiki eneo hilo. Nao marubani, walipozitazama kwa macho, walidhani ni helikopta za Iraq zilizoundwa Usovieti.

Afisa mmoja wa AWACS alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwaka 1995 akaondolewa lawama.

Mkasa huo uliacha funzo kwa majeshi yanayotegemea mitambo hii: habari iliyonaswa na antena haiokoi maisha iwapo afisa aliye mbele ya skrini haifikishi kwa rubani kwa wakati.