Kabla Hujang'oa, Omba Picha!

Jino likikukosesha usingizi, koleo siyo jibu la kwanza. Kwanza lijulikane ni jino gani, na lina nini.

Mpenzi msomaji, hebu tuulizane ukweli. Mara ya mwisho kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno ilikuwa lini? Kama jibu lako ni "siku ile liliponiuma mpaka nikalia", karibu, tupo wengi. Sisi wa mjini tunajua kujipenda bwana! Nywele saluni kila wiki mbili, simu ikipata mkwaruzo tu tunakimbilia Kariakoo. Lakini kinywa, ambacho ndicho tunachochekea na kubusiana nacho, tunakipa mswaki wa asubuhi, basi.

Nyumbani kwangu somo hili lilikuja kwa gharama. Usiku mmoja mume wangu aliamka ameshika shavu la kushoto. Wiki nzima akawa mtu wa vidonge vya duka la dawa la jirani, maji ya chumvi na karafuu. Hasira juu. Nikimsemesha ugomvi, nikinyamaza ugomvi. Siku ya nane, akitoka kazini, akaingia kliniki moja ya njiani, akafungua mdomo na kuelekeza kidole: "Hili hapa." Sindano ya ganzi, koleo, kwisha kazi. Hakupigwa picha wala kuulizwa maswali. Usiku ganzi ilipoisha, maumivu yakarudi palepale.

Kesho yake tukaenda kwingine. Daktari wa pale hakuwa na haraka. "Kaka, usinionyeshe jino," alimwambia. "Niambie tu linaumaje. Linaanza lenyewe, au mpaka unywe kitu cha baridi?" Akagonga meno taratibu, moja baada ya jingine, kwa mpini wa kioo chake. Akagusisha pamba ya baridi kwenye kila jino. Ilipofika gego lililo nyuma ya pengo jipya, mume wangu aliruka kitini, na maumivu hayakuisha hata pamba ilipoondolewa. Mwisho ikaja picha ya eksirei: tundu limejificha ubavuni mwa lile gego, mahali ambapo jicho halifiki, na limeshakaribia kiini cha jino.

"Sasa lile nililong'oa?" mume wangu akauliza.

Daktari alinyamaza kidogo. "Lile siwezi kulisemea, sikuliona. Ila linalokuuma ni hili."

Maumivu ni muongo

Usimcheke mume wangu, yangeweza kukukuta na wewe. Mishipa ya fahamu ya meno ya upande mmoja hukutana njiani kabla ya kufika kwenye ubongo, hivyo ubongo huchanganya habari. Jino la chini linaweza kusikika kama la juu, au hata kama sikio. Na uvimbe kwenye uwazi wa mfupa wa shavu, kama ule wa mafua makali, unaweza kujifanya gego bovu. Ndiyo maana kidole cha mgonjwa siyo kipimo.

Picha inaona nini?

Mambo yametoka mbali. Mwaka 1896, wiki chache tu baada ya Röntgen kutangaza ugunduzi wa eksirei, Mjerumani Otto Walkhoff alijipiga picha ya meno yake mwenyewe. Alilazimika kutulia dakika 25! Leo kifaa kidogo kinawekwa mdomoni, na ndani ya sekunde chache jino lako lipo kwenye kompyuta, mnalitazama pamoja na daktari.

Picha hiyo ndogo huonyesha matundu ya katikati ya meno, mizizi, na jipu lililoanza kula mfupa. Ipo picha ya taya zima, inayofaa kwa yale magego ya mwisho yanayoota yamelala. Na ipo ya pande tatu, kwa kazi ngumu kama kupandikiza jino bandia kwenye mfupa. Siyo kila mtu anahitaji zote, kwa hiyo usikubali picha kubwa kwa sababu tu mashine ni mpya.

Tena picha peke yake haitoshi. Tundu changa linaweza lisionekane kabisa. Ndiyo maana pamba ya baridi na kugonga jino, vipimo visivyo na makeke, bado vina kazi yake.

Je, mionzi?

Picha moja ndogo ya kidijitali ina mionzi michache kuliko ile unayoipata kwa siku moja tu kutoka kwenye ardhi na anga. Hata hivyo isipigwe bila sababu. Kama una ujauzito au unahisi unao, sema kabla. Usikae na jino bovu miezi tisa kwa woga, daktari atajua la kufanya. Mashine zenyewe husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa hiyo una haki ya kuuliza kama ya pale ina kibali.

Fizi nazo zina kipimo

Daktari hupitisha kijiti chembamba chenye alama kati ya jino na fizi. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Kuanzia 4, hasa fizi ikitoa damu, kuna tatizo, na mara nyingi ndiko harufu mbaya inakotokea. Ukiwa na fizi mbovu zisizopona, pima na sukari. Kisukari huharibu fizi, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Hesabu ya mfukoni

Najua, kung'oa ni bei poa. Lakini pengo nalo lina bili yake: meno ya jirani hulala, la juu yake hushuka, na jino bandia ni pesa ndefu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye meno methali hii haina utani.

Kwa hiyo, kabla hujafungua mdomo, uliza haya:
- Umejuaje kwamba ni hili?
- Tunaweza kupiga picha kwanza?
- Linaweza kuzibwa au kutibiwa mzizi?
- Bei ni kiasi gani, na bima yangu inalipia nini?

Ukijibiwa kwa mkato, shuka kwenye kiti. Wakazi wa Ubungo tuna kliniki kibao kuanzia Sinza mpaka Mbezi, na kwa makubwa zaidi kuna rufaa za Muhimbili na Mloganzila.

Mume wangu alitibiwa mzizi, na gego lake lipo mpaka leo. Siku hizi tunakwenda kupima wote wawili, tukitoka hapo tunapitia chakula. Pengo bado lipo. Akicheka sana linaonekana, na kila nikiliona nakumbuka kwamba picha moja tu ingetosha.