Kwa nini treni ya abiria hufungwa injini mbele na nyuma

MTU aliyesimama kando ya reli kusini mwa jimbo la California, Marekani, katika mwaka wa 2016 angeona jambo lisilo la kawaida. Treni za abiria za shirika la Metrolink, ambazo aghalabu huwa na injini moja, nyingine zilipita zikiwa na injini mbili: ya Metrolink upande mmoja na nyingine ya rangi ya chungwa, ya kampuni ya mizigo ya BNSF, upande wa pili.

Treni nyingi zinazobeba wafanyakazi kuingia na kutoka mijini hufungwa injini upande mmoja tu. Upande wa pili huwa na behewa la abiria lenye chumba kidogo cha dereva. Treni ikienda, injini huvuta. Ikirudi, injini husukuma huku dereva akiiendesha kutoka behewa la mbele kwa nyaya zinazopita katika mabehewa yote. Hivyo hakuna haja ya kuihamisha injini kila treni inapofika mwisho wa safari.

Hata hivyo, mtindo huo una walakini. Treni inaposukumwa, kinachotangulia kukutana na kizuizi ni behewa lenye abiria, ambalo ni jepesi kuliko injini.

Mnamo Januari 26, 2005, treni ya Metrolink iliyokuwa ikisukumwa kuelekea Los Angeles iligonga gari lililoachwa kwenye reli huko Glendale. Iliacha njia, ikagonga treni ya mizigo iliyokuwa imesimama na nyingine ya abiria iliyokuwa ikija. Watu 11 walifariki.

Baadaye Metrolink ilinunua mabehewa mapya ya kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini, yaliyoundwa ili ncha zake zibonyee na kupunguza nguvu ya mgongano. Lakini Februari 24, 2015, treni iliyotanguliwa na behewa la aina hiyo iligonga lori lenye tela lililokuwa juu ya reli karibu na Oxnard. Dereva wa treni alifariki siku chache baadaye.

Uchunguzi ulizua shaka kuhusu chuma kilichofungwa chini ya behewa hilo, mbele, ili kufagia vizuizi. Septemba 2015, Metrolink iliamua kukodi injini 40 za BNSF ili zitangulie mahali pa mabehewa hayo kwa muda.

Kinga hiyo ilikuwa na gharama zake, kwani injini ya pili huongeza uzito, moshi na kelele kwa wanaoishi kando ya reli.

Si kila treni yenye injini mbili huwa na kisa kama hicho. Pengine moja imeharibika na inapelekwa karakana, au inahamishwa tu kutoka stesheni moja hadi nyingine. Lakini injini ya mizigo inapotangulia mabehewa ya abiria siku baada ya siku, mtazamaji ana haki ya kuuliza inakinga nini.