Mng'aro wa gari ni ngao yake

Asubuhi ya siku yoyote ya kazi, mbele ya ofisi zetu za Unguja na Pemba, huonekana jambo ambalo sasa limekuwa desturi. Dereva humsubiri mkubwa wake, na katika kusubiri huko hutoa kitambaa kikavu chini ya kiti, akapangusa boneti, milango na buti mpaka vumbi lote la jana likaondoka. Mkubwa akitoka hulikuta gari linang'ara, na dereva husifiwa kwa bidii yake. Wananchi wenye magari yao wenyewe nao hufanya vivyo hivyo kabla ya kuondoka majumbani.

Hatuna ugomvi na bidii hiyo. Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba kitambaa kile kikavu ndicho kinacholizeesha gari jipya kabla ya wakati wake. Tena jambo lenyewe si la urembo peke yake. Katika visiwa vilivyozungukwa na maji ya chumvi pande zote, mng'aro ni dalili ya uzima wa rangi, na rangi ndiyo ngao inayokitenga chuma na chumvi. Ngao ikitoboka, kinachofuata ni kazi ya kutu.

Inafaa kwanza ieleweke rangi ya gari ni kitu gani. Magari ya siku hizi hupakwa kiwandani matabaka kadhaa. Chini kabisa ni tabaka la kuzuia kutu, juu yake hufuata rangi yenyewe, na juu ya rangi hupakwa vanishi angavu. Matabaka yote hayo kwa pamoja unene wake kwa kawaida ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, na ile vanishi, ambayo ndiyo hasa inayong'ara, ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Uso wake ukiwa laini na sawasawa, mwanga unaoupiga hurudi kwa pamoja kama unavyorudi katika kioo. Ukikwaruzwa, mwanga hutawanyika, na gari huonekana limefifia hata likioshwa mara saba kwa siku.

Sasa na tulitazame vumbi letu. Si unga laini wa kupulizwa ukaondoka. Ni chembe za mchanga na za mawe ya matumbawe yaliyosagwa na matairi katika njia za mashamba, zikichanganyika na punje za chumvi. Anayepitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi hilo ameshika msasa bila ya kujua. Kila akipangusa huacha michirizi midogo ambayo kwa siku moja haionekani. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Miezi ikipita, litazame juani gari jeusi au la buluu, nawe utaiona michirizi hiyo imejipanga duru kwa duru, mfano wa utando wa buibui. Magari meupe na ya rangi ya fedha huificha aibu hiyo kwa muda, ila hayasalimiki nayo. Ufagio wa manyoya nao haukosi lawama. Turubai linalotandikwa juu ya gari lenye vumbi ni baya zaidi, kwa sababu upepo hulitikisa usiku kucha likawa linaisugua rangi.

Adui wa pili ni chumvi, na huyu haonekani kwa urahisi. Kila lita moja ya maji ya bahari ina kiasi cha gramu 35 za chumvi. Kusi linapovuma na mawimbi yakavunjika mwambani, matone madogo hurushwa hewani na kuchukuliwa na upepo mpaka yakaliangukia gari lililoegeshwa pwani. Maji hukauka, chumvi hubaki. Kila mpishi wa visiwani anajua kwamba wakati wa masika chumvi hulowa ndani ya kopo lake. Sababu ni kuwa chumvi hunyonya maji kutoka hewani mara tu unyevu unapopita asilimia 75, kipimo ambacho nyakati za usiku hewa yetu hukipita mara nyingi. Kwa hiyo gari lenye chumvi hulala limelowa hata siku isiyokuwa na mvua. Pale kokoto ilipoidonoa rangi, chumvi hiyo hupata mlango wa kuingilia. Kutu huanza, hufura, huiinua rangi iliyo kando yake, na tundu la ukubwa wa kichwa cha pini huwa doa la ukubwa wa sarafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tone moja la rangi ya kuzibia, likitiwa mapema mahali palipokwisha kusafishwa na kukaushwa, huokoa mlango mzima.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye magari yanayobeba samaki na magunia ya mwani, na wale wanaoteremka na magari yao ufukweni kupokea mizigo ya mashua. Hao wasingoje siku ya kuosha. Siku ile ile waimwagie gari maji matamu, wakianza chini, ndani ya madigadi na kwenye chesisi, ambako jicho la mpita njia halifiki.

Adui wa tatu hutoka juu. Kunguru waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo hawajatupa nafasi ya kupumua. Uchafu wa ndege una asidi, na ukiungana na jua la saa sita huitafuna vanishi ikaacha alama isiyotoka kwa maji. Hapa haifai kungoja hata jioni. Dawa yake ni kitambaa kilichoroweshwa maji, kiwekwe juu ya uchafu huo kwa dakika chache mpaka ulainike, kisha uinuliwe taratibu pasipo kusugua. Utomvu wa miti nao uondolewe mapema kabla haujakauka. Ndiyo maana kivuli cha mwembe au mkungu, japo kinapendeza, si kivuli cha kuliegeshea gari siku nzima. Banda jepesi la makuti, lililoipa bahari mgongo, ni bora kuliko mti wowote.

Basi afanye nini mtu ili gari lake ling'are kati ya kuosha na kuosha? Jibu letu ni kwamba aliguse kidogo, na kila anapoligusa alitie maji kwanza. Vumbi likiwa jepesi, alinyunyizie maji kwa chupa ya kunyunyizia, kisha apitishe kitambaa laini kilicholowa, kilichokunjwa mara nne, bila ya kukandamiza. Upande mmoja ukichafuka, ageuze mwingine, na pande zote zikiisha akifue kitambaa kabla ya kuendelea. Vile vitambaa vya nyuzi nyembamba vinavyoitwa maikrofaiba ndivyo vinavyofaa zaidi. Asiyekuwa navyo atumie kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa vizuri, isiyokuwa na kifungo wala mshono mgumu. Kitambaa kilichoanguka chini kisirudi juu ya gari kabla ya kufuliwa. Na vumbi likiwa jingi, au pakiwa na tope lililokauka, asiliguse kabisa. Aliache mpaka siku ya kuosha. Gari lenye vumbi la safari halina aibu yoyote.

Tunalitaja suala la maji kwa makusudi. Ziko mitaa ambayo wananchi wake bado wanabeba ndoo kichwani, na si haki mpira wa maji uachwe ukimwagika saa nzima kwa ajili ya gari moja. Ndoo tatu zinatosha kabisa: moja ya kulimwagia gari ili mchanga uondoke, moja ya sabuni, na moja ya kusuuzia kitambaa na gari. Sabuni iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, maana sabuni ya unga huiondoa nta yote iliyopakwa.

Aidha, maji yetu yana tabia yake. Chemchemi ambazo Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alizivuta mpaka mjini, na visima vingi tulivyonavyo, hutoa maji yaliyopita katika mawe ya chokaa. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika ndio huo huo unaobaki juu ya boneti kama vidoto maji yakiachwa yakauke yenyewe. Gari lioshwe asubuhi mapema au jioni, likiwa limepoa, na likaushwe papo hapo. Mwenye pipa la maji ya mvua ayaweke kwa ajili ya kusuuzia, kwa kuwa maji hayo hayana chokaa.

Ngao ya mwisho ni nta. Iliyo mashuhuri zaidi hutokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki ya Brazil, uitwao carnauba. Mti huo huyafunika majani yake kwa nta ili jua lisiyakaushe. Nta hiyo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80, na kwa hivyo inalivumilia jua letu. Ikipakwa nyembamba juu ya rangi safi iliyokauka, chumvi na uchafu hukaa juu ya nta badala ya kukaa juu ya vanishi. Kuijua kama bado ipo ni rahisi. Mwagia maji kidogo: yakijikusanya matone matone ya mviringo, nta ipo, yakitandaa kama shuka, imekwisha. Kwa hali ya hewa ya visiwani tunashauri ipakwe kila baada ya miezi 3. Gari likitoka kiwandani rangi yake imekwisha kukaushwa kwa moto, na laweza kupakwa nta tangu siku ya kwanza. Lile lililopakwa upya katika karakana za mitaani lipewe kwanza mwezi mmoja hadi mitatu rangi yake ikomae. Na wale wanaosugua matairi kwa dizeli ili yawe meusi waache, kwani dizeli huila mipira.

Sasa tunawageukia viongozi na maofisa wenye dhamana ya magari ya umma. Gari halitengenezwi Unguja wala Pemba. Kila moja limekuja kwa meli, limelipiwa fedha za kigeni, na fedha hizo zina kazi nyingi nyengine zinazozingoja. Gari la wagonjwa likiliwa na kutu, anayeathirika ni mama mjamzito wa kijijini kabla ya kuathirika daftari la hesabu. Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, kila ofisi yenye magari iwe na banda la kuyaegesha. Pili, dereva apatiwe ndoo, vitambaa, sabuni ya gari na kopo la nta, kama anavyopatiwa mafuta na matairi. Tatu, siku ya kuoshwa na siku ya kupakwa nta ziandikwe katika kitabu cha safari cha gari, maana wazee walikwisha kutuasa kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

La nne ndilo jepesi kwa gharama na zito kwa nafsi. Mkubwa akubali kupanda gari lenye vumbi. Dereva hufanya kile anachosifiwa, na maadamu sifa zinatolewa kwa kung'ara kila asubuhi, kitambaa kikavu hakitatoka chini ya kiti. Siku ambayo mkubwa atauliza kama chumvi imesuuzwa chini ya gari, badala ya kutazama sura yake katika boneti, siku hiyo magari yetu yataanza kuishi umri wao. Na mwananchi mwenye gari lake moja alilolinunua kwa jasho la miaka mingi naye ajipangie hivyo hivyo, asingoje agizo la mtu.